Kuku Hapengi Kamasi

Juzi jirani yangu aliniletea chupa ya dawa nimsomee maandishi yake ya Kiingereza. Kuku wake walikuwa wakipiga chafya. Mimi ni mwanaisimu wala si daktari wa mifugo, lakini swali lake lilinirejesha kwenye kaakaa, kiungo ninachokifundisha kila mwaka katika somo la fonetiki.

Binadamu ana kaakaa laini linalofungua na kufunga njia ya pua. Ndege hana. Kaakaa lake lina ufa, na ndani ya pua vinyweleo visivyoonekana kwa macho husukuma makamasi yaliyonasa vumbi hadi kwenye ufa huo, naye huyameza. Yanayosalia huyatoa kwa chafya, kwa kutikisa kichwa au kwa kujikuna kwa ukucha.

Basi chafya moja baada ya kuchakura vumbini ni usafi tu. Lakini chafya zisizokoma, makamasi yanayonuka na uso uliovimba ni dalili za mafua ya kuku. Nalo banda lenye kinyesi kilicholowa hutoa hewa kali ya amonia, ambayo huvilemaza vile vinyweleo. Pua ikabaki bila mfagiaji.

Haya yote nilimweleza jirani yangu kwa Kiswahili, bila kukwama. Kamasi, chafya na kaakaa ni maneno tuliyonayo tangu jadi. Kwa nini basi mfugaji amtafute mhadhiri ili ajue kuku wake wanaumwa nini? Wanaouza dawa hizo na watujibu.