Umehesabu Watu? Somo la Uongozi Nililopewa na Zimamoto

Mwaka jana, wiki ya mitihani ya semista ya pili, nilikuwa mwenyekiti wa wapangaji katika hosteli moja ya binafsi hapa Dodoma. Cheo chenyewe hakikuwa na posho. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukusanya hela ya taka na kusuluhisha ugomvi wa nani kamaliza maji ya simtanki. Lakini niseme ukweli, nilikipenda. Watu wakiniita "mwenyekiti" kwenye foleni ya chipsi nilikuwa naitika kwa sauti nzito kidogo.

Jioni moja umeme ulikatika. Mwenzetu mmoja alikuwa ananyoosha shati, akaiacha pasi juu ya kitanda, akaenda kusomea kwa rafiki yake. Umeme ukarudi saa nane usiku. Godoro likashika moto.

Niliamshwa na kelele na harufu ya sponji inayoungua. Nikashika laputopu, nikashika simu, nikatoka mbio. Nje tulikuwa umati, wengine na kanga, wengine na bukta, na tayari wawili walikuwa wanarekodi video. Mlinzi wetu, mzee wa Kigogo ambaye kila asubuhi hutusalimia "Mbukwenyi" hata tukimpita bila kumwangalia, alikuwa ameshazima meni swichi. Akaniuliza, "Mwenyekiti, watu wote wametoka?"

Nikamjibu, "Ndiyo mzee, wote."

"Umehesabu?"

Sikuwa nimehesabu. Chumba cha mwisho kulikuwa na dada aliyelala fofofo baada ya kukesha siku mbili na vitabu. Mzee aliloweka blanketi, akajifunika, akaingia akitambaa, akatoka naye. Yule dada alilazwa siku mbili kwa sababu ya moshi, akapona, leo anaendelea na masomo. Angekufa, angekufa kwa neno langu moja, "wote".

Faya walipofika, moto wenyewe haukuwachukua muda. Kilichobaki kichwani mwangu ni swali la kwanza la sajini aliyeshuka kwenye gari: "Nani kiongozi hapa? Mnakaa wangapi, na mliopo nje ni wangapi?" Watu wote wakanigeukia. Sikuwa na namba hata moja.

Baada ya mitihani nikamtafuta yule afande kituoni kwao, mara ya kwanza kushukuru, mara ya pili kuuliza. Nikaanza na kusoma. Makala hii ni yale niliyoyapata, kwa sababu naona sisi wanachuo tunasema sana kuhusu uongozi, hasa msimu wa kampeni, na tunausema kana kwamba ni kipaji cha kushika maiki.

Jeshi lenye umri wa chuo

Wengi wetu hatujui kuwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa sura yake ya sasa ni changa. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri za miji na manispaa, kila mmoja na uwezo wake. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ndiyo iliyoviunganisha kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwaka huohuo 2007 ndipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa. Yaani jeshi hili na chuo hiki ni marika.

Ni jeshi kweli: kuna konstebo, koplo, sajini, mkaguzi, mrakibu, kamishna, hadi Kamishna Jenerali. Nilimuuliza afande kwa nini kazi ya kumwaga maji inahitaji vyeo na saluti. Akacheka. "Kijana, ndani ya moshi huoni kiganja chako. Nikikwambia toka, huna muda wa kuniuliza kwa nini. Lakini ili utoke bila kuuliza, lazima uwe umeniamini tangu jana."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nirudi mara ya pili.

Kiongozi hashiki mpira

Kwenye tukio la moto, ofisa wa kwanza kufika ndiye anayeshika uongozi. Akifika mkubwa wake, uongozi haubadiliki kimyakimya; mkubwa hupewa taarifa ya hali ilivyo, kisha hutamka wazi kwamba sasa amepokea. Lengo ni kwamba isitokee dakika ambayo viongozi ni wawili, au hakuna hata mmoja.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi: kamanda wa tukio kwa kawaida hashiki mpira wa maji. Anasimama mahali anapoliona jengo, anaangalia rangi ya moshi, upepo unapoelekea, paa linavyokaa, na nani yuko wapi. Akishika mpira amekuwa mzimaji mmoja zaidi, na kikosi kimebaki bila macho. Sisi kiongozi tunayemsifu ni yule anayeonekana kufanya kila kitu mwenyewe. Kwao huyo ni hatari.

Mtu mmoja pia hasimamii watu wengi. Mfumo wa kuongoza matukio unaotumika nchi nyingi, uliobuniwa Marekani baada ya mioto mikubwa ya California ya mwaka 1970, unapendekeza msimamizi mmoja awe na watu watano hivi, wasizidi saba. Wakizidi, wanagawanywa na kupewa msimamizi mwingine. Linganisha na makundi yetu ya kazi za darasani: watu kumi na tano, kiongozi mmoja, na wanaofanya kazi wawili.

Halafu kuna kuhesabu. Anayeingia kwenye moshi na mtungi wa hewa mgongoni huacha kitambulisho chake mlangoni kwa mtu maalumu, anayeandika jina, saa ya kuingia na kiasi cha hewa. Mtungi wa kawaida hutosha kama nusu saa hivi, na ukifanya kazi nzito unaisha mapema zaidi. Hakuna anayeingia peke yake. Wanaingia wawili wawili, na nje kuna wengine tayari kuwafuata wakipata shida. Nilimweleza afande kuhusu mzee wetu wa getini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee ni shujaa, na alibahatika. Mimi kijana wangu akifanya vile nitampongeza kwa roho yake, kisha nitamwadhibu." Kwa hiyo ujasiri kwao unathaminiwa, ila hauchukui nafasi ya utaratibu.

Dawa ya moto ni moto

Kisa ambacho wazimamoto wengi duniani hufundishwa ni cha Mann Gulch, jimbo la Montana, Marekani, tarehe 5 Agosti 1949. Kikosi kilipelekwa kuzima moto wa msituni, kiongozi wao akiitwa Wagner Dodge. Upepo ukageuka, moto ukaanza kuwafukuza kupanda mlima kwenye nyasi kavu. Dodge aliona hawatafika juu. Akasimama, akawasha kiberiti, akachoma nyasi zilizokuwa mbele yake. Nyasi zilipoungua akalala kwenye majivu na kuwaita wenzake wamfuate.

Hakuna aliyemfuata. Walimwona kama amechanganyikiwa, wakampita mbio. Moto mkubwa ulipofika ulilizunguka jivu lake, kwa kuwa palipoungua hapaungui tena. Katika watu 16, 13 walikufa. Dodge alipona, na wengine wawili waliowahi kufika juu.

Nilipomsimulia mzee wetu kisa hiki hakushangaa hata kidogo. Mtu aliyechunga ng'ombe kwenye nyasi kavu za kiangazi cha huku, upepo wa Agosti ukivuma, anajua kuchoma kinga mapema. Waswahili walishasema dawa ya moto ni moto. Dodge alikuwa sahihi. Tatizo lake lilianza kabla ya moto: kikosi chake hakikuwa kimezoeana, na amri sahihi kutoka kwa mtu usiyemfahamu vizuri inaweza kusikika kama wazimu. Mwaka 1957 Idara ya Misitu ya Marekani ilitoa kanuni 10 za wazimamoto, na mojawapo inasema kiongozi atoe maelekezo yanayoeleweka na ahakikishe yameeleweka. Hiyo "ahakikishe" ndiyo kazi yenyewe.

Bukoba, Novemba 2022

Hapa nyumbani tuna kisa chetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki, 24 wakaokolewa. Waliowahi kuifikia ndege ni wavuvi waliokuwa karibu na mitumbwi yao, akiwemo kijana Majaliwa Jackson. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza agizo la Rais kwamba kijana huyo aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mitandaoni tulibishana sana. Wengine walisema ni heshima anayostahili, wengine wakauliza waokoaji wa serikali walikuwa wapi. Mimi nadhani maswali yote mawili ni halali. Moyo wa kuokoa hauhitaji sare, na jeshi likiuona mtaani lina haki ya kuuchukua. Lakini taifa haliwezi kupanga uokoaji kwa kutegemea kwamba mvuvi jasiri atakuwa karibu, kama mimi nilivyotegemea kwamba mzee wa getini atakuwa macho.

Uadilifu hauna kamera

Kuna utani wa zamani kwamba gari la zimamoto huja bila maji. Piga hesabu kidogo: gari lenye lita 5,000 likitoa lita 1,000 kwa dakika, maji yanaisha dakika ya tano. Baada ya hapo linahitaji kujaza mahali, na jiji letu limekua haraka kuliko mabomba yake. Dodoma hii inategemea sana visima vya Mzakwe. Sote tunajua maana ya mgawo. Gari linaloondoka kwenda kujaza si lazima lilikuja tupu.

Ila nisiwatetee kwa kila kitu. Januari 2020 Rais Magufuli aliwaondoa kazini kwa siku moja Waziri wa Mambo ya Ndani na Kamishna Jenerali wa Zimamoto wa wakati huo, akieleza hadharani kuwa kulikuwa na makubaliano ya vifaa ya zaidi ya euro milioni 400 na kampuni ya nje ambayo hayakufuata utaratibu wa kupita bungeni. Uhitaji wa vifaa ulikuwa wa kweli, lakini uhitaji haukuondoa utaratibu.

Na uadilifu mwingi wa kazi hii uko kwenye mambo madogo yasiyopigwa picha. Sheria inawapa mamlaka ya kukagua majengo. Mkaguzi akiona mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli na akakubali "maji ya kunywa" ili aondoke, ameua watu ambao bado hawajalala humo. Nchi hii imeshazika watoto wa kutosha: Shauritanga mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40 ndani ya bweni, Idodi mwaka 2009, wasichana 12.

Sasa sisi

Afande alinisihi nisiandike makala ya kusifu tu. "Waambie wenzako wasitupigie 114 kwa mizaha," alisema. Viongozi wa jeshi wamelalamikia jambo hili miaka mingi: simu za utani zinaziba laini wakati mtu mwingine nyumba yake inaungua. Namba ni 114, ni bure. Ukipiga taja mtaa, alama inayojulikana, kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Usikate simu kabla hujaambiwa.

Nami naongeza yangu. Chumbani, umeme ukikatika, chomoa pasi na hita kwanza kabla ya kulalamika. Hosteli zenye nondo kila dirisha na mlango mmoja, ulizeni mwenye nyumba tutatokea wapi, na ulizeni mkiwa wengi. Mtungi wa kuzimia moto uliopo koridoni, soma tarehe yake leo. Moshi ukijaa, tambaa. Hewa nzuri iko chini. Chagueni mahali pa kukutania nje, na mtu wa kuhesabu.

Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi unakuja. Wagombea watatuahidi intaneti, bumu kuwahi, na bonanza. Mimi nitauliza swali moja kwenye mdahalo: kwenye bloku unayotoka wanakaa wangapi, na ukiamshwa saa nane usiku utajuaje nani hayupo? Asiyejua sitamcheka. Nilikuwa kama yeye.

Mimi sigombei chochote mwaka huu. Pale hosteli bado nakusanya hela ya taka, ila siku hizi nyuma ya mlango wangu kuna karatasi yenye majina 34 na namba za vyumba. Kila mtu akihama au akihamia naibadilisha. Mzee wa getini ana nakala yake.