Lugha Moja, Adabu Mbalimbali

Watu wawili waweza kusema Kiswahili hicho hicho na bado wasielewane. Jambo hili huwapata wafanyakazi wa Tanzania na Kenya wakutanapo Namanga, Arusha, Nairobi na Mombasa. Tangu Julai 1, 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki imewafungulia wafanyakazi njia ya kuvuka mpaka kutafuta kazi. Lakini mpaka wa adabu haufunguliwi kwa itifaki yo yote.

Tuchukue mkahawa. Mtanzania huamkia kwanza, kisha husema, "Naomba chai," ingawa fedha anazo mkononi. Mkenya husema, "Nipe chai," wala Nairobi hapana amwonaye mjeuri. Akisema hivyo Arusha, mhudumu hununa, akidhani ametumwa kama mtoto. Naye Mkenya asikiapo "naomba" hushangaa: mwenye fedha yake aomba nini?

Kiwandani ni vivyo hivyo. Mtanzania humpita mwenzake na kumwambia, "Pole na kazi"; mgeni huuliza pole ya nini, maana hakuna aliyeumia. Kijana asiyemwamkia fundi mzee "Shikamoo" huhesabiwa hana malezi, kumbe kwao, mbali na pwani, kupeana mkono na kuulizana habari kwatosha.

Tofauti hizi zina asili yake. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya shughuli za serikali na ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, na pamoja na maneno watu wakapokea maamkizi yake. Kenya, Kiingereza kilishika ofisi na madarasa. Katiba ya 2010 ndiyo iliyokipa Kiswahili cheo cha lugha rasmi sawa na Kiingereza. Wengi huko walijifunza Kiswahili sokoni na kazini, wakakisema kwa desturi ya lugha ya mama. Hapana kosa hapo.

Kosa liko katika kuhukumu. Mmoja huitwa mwenye kiburi, mwingine huitwa mnafiki wa maneno mengi. Kisha fundi hamwonyeshi mwenzake kazi, na siku ya kudai haki kwa mwajiri kila mtu husimama na watu wa kwao. Anayefaidi hapo ni yule apendaye kuwaona wafanyakazi wamegawanyika.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, nasi hatumtaki mtu aache mila yake. Twasema tu kwamba mgeni ajifunze maamkizi ya mahali alipofika, na mwenyeji aulize kabla ya kukasirika. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wana wajibu wa kumweleza kila mgeni mambo haya siku ya kwanza ya kazi, kama wamwelezavyo saa za kuingia na kutoka. Umoja wa wafanyakazi usivunjwe na kikombe cha chai.