Mwenye mzigo nyuma asifiche taa

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba uzito wa shida huhisiwa na yule aliyetwikwa, ilhali mtazamaji huiona nyepesi kama pamba ya msufi. Mimi ni mwalimu wa isimu na methali ni sehemu ya riziki yangu, lakini kuna mahali pamoja ambapo methali hii hunishinda kuitetea. Mahali hapo ni barabarani. Huko mzigo wa mwenzio waweza kukuua wewe usiyeubeba.

Mwaka 2011 nilikuwa katika mji wa Bayreuth, kusini mwa Ujerumani, nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu. Nilikodi chumba katika nyumba ya mzee mmoja, fundi mstaafu, na mkewe. Kila majira ya joto wazee hawa walikuwa na desturi ya kwenda likizoni na baiskeli zao, na mwaka huo waliazimia kukokota pia trela ndogo iliyojaa hema, viti na vyombo vya kupikia. Mimi, mtoto wa Magharibi ya Kenya niliyezoea kuona vitanda, mbuzi na magunia ya mahindi vikipakiwa juu ya keria ya basi moja, sikuona ugumu wowote. Niliinua baiskeli ya kwanza, tayari kuifunga nyuma ya gari kwa kamba. Mzee akaniwekea mkono begani akasema, "Kijana wangu, kwanza tusome."

Tulisoma kwa muda wa saa nzima. Nitayaeleza kwa muhtasari niliyofunzwa siku hiyo, maana yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Jambo la kwanza ni tufe. Nyuma ya gari la aina hiyo huwa na tufe la chuma ambalo shingo ya trela hushikizwa. Keria nyingi za kubebea baiskeli hushikizwa papo hapo. Sasa, mshika mbili moja humponyoka: tufe likishabeba keria ya kawaida haliwezi kubeba trela, na likishabeba trela halina nafasi ya keria. Zipo keria nyingine ambazo hufungwa kwenye mlango wa nyuma, na mtu aweza kudhani kuwa amepata ujanja. Lakini shingo ya trela huwa fupi. Gari likikata kona kali, pembe ya trela husogea karibu na mlango na kuzisaga baiskeli. Isitoshe, tundu la umeme linalowasha taa za nyuma huwa moja tu, na likishachukuliwa na trela, keria hubaki gizani. Mzee alipima kwa futi, akatikisa kichwa, akaamua kuwa baiskeli zitapanda juu ya paa.

Jambo la pili ni uzito. Karibu na tufe hupigwa kibati chenye kiwango cha kilo zinazoruhusiwa kuligandamiza. Gari la mzee liliruhusiwa kilo 75. Trela nayo ina kiwango chake, na kati ya viwango hivyo viwili kinachofuatwa ni kile kidogo. Paa vilevile lina kikomo chake, na keria yenyewe huhesabiwa ndani ya kikomo hicho. Baiskeli ya kawaida ni nyepesi, bali ile yenye betri na mota hufikia kilo 25 au zaidi. Ndani ya trela, vitu vizito huwekwa juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukivirundika nyuma, shingo huinuka, na mwendo ukizidi trela huanza kuyumba kama mkia wa mamba hadi hulipindua gari linaloikokota.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni kuonekana. Kifungu cha 22 cha kanuni za barabarani za Ujerumani chaagiza kuwa mzigo ufungwe kwa namna ambayo hata dereva akifunga breki ghafla au akikwepa ghafla, usisogee wala usianguke. Gari pamoja na mzigo wake lisizidi upana wa mita 2.55 wala urefu wa mita 4 kwenda juu. Mzigo ukijitokeza nyuma zaidi ya mita 1 kupita vimulimuli vya gari, sharti uwekewe alama, mathalani kitambaa chekundu cha sentimita 30 kwa 30 kilichotandazwa kwa kijiti ili kisijikunje, na usiku iwekwe taa nyekundu. Keria ikifunika nambari ya usajili, nambari hiyo hurudiwa kwenye keria na kumulikwa usiku. Na mwendo? Mwenye kukokota trela huruhusiwa kilomita 80 kwa saa, au 100 katika barabara kuu iwapo trela yake imekaguliwa na kuidhinishwa, hata kama wenzake wanampita kama upepo.

Nilipochoka kusoma nilimwuliza mzee kama kweli kuna polisi ambaye angetoka nje na futi kupima kitambaa chetu chekundu. Alinijibu kwa utulivu kuwa kitambaa si cha polisi. Alisema, "Ni cha mtu aliye nyuma yetu ambaye hatumjui."

Msomaji mpendwa, maneno hayo yalinirudisha nyumbani kwa kishindo. Mwaka 1993, nikiwa darasa la saba, tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili ambaye ndiye aliyenitia hamu ya lugha hii. Jioni moja, giza likianza kuingia, alikuwa akirejea kwake kwa pikipiki. Mbele yake trekta ilikuwa imeharibika njiani ikiwa na trela ya miwa. Haikuwa na taa. Kama ilikuwa na kimulimuli, basi kilifunikwa na miwa iliyoning'inia nyuma hadi karibu na lami. Hapakuwa hata na tawi la mti lililowekwa barabarani kuonya. Mwalimu wetu aliiona miwa ile alipokuwa ameshaifikia.

Tulimzika siku ya Jumamosi. Wazee walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema kuwa ajali haina kinga. Hakuna aliyeuliza juu ya taa. Hakuna aliyeuliza kwa nini miwa ilipakiwa vile. Nami niliyasadiki maneno ya wazee kwa miaka kumi na minane, hadi nilipomwona fundi mstaafu wa Bayreuth akitandaza kitambaa chekundu kwa ajili ya mtu asiyemjua. Ndipo nilipotambua kuwa methali yaweza kutumiwa kama jiwe la kuzibia kaburi la maswali. Ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ingeweza kununuliwa dukani kwa pesa za sukari.

Yamkini kuna atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na baiskeli zao za starehe. La hasha! Siku hizi wakazi wengi wa miji yetu hupakia baiskeli nyuma ya magari wakaelekea Naivasha, kuendesha katika mbuga ya Hell's Gate. Mwaka uliopita nilifuatana na gari mojawapo tukiteremka bonde la Ufa. Lilikuwa na baiskeli nne nyuma, zimefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwa tyubu. Magurudumu yalizifunika taa zote mbili za breki pamoja na nambari ya usajili. Dereva alipopunguza mwendo ili kuepa lori, sikuona ishara yoyote. Niliokolewa na ile nafasi niliyokuwa nimeiacha baina yetu, na nyuma yangu walikuwamo wanangu wawili. Dereva huyo alikuwa ni mtu wa suti na dereva wa trekta alikuwa ni mtu wa jembe, lakini kosa lao ni moja: kila mmoja alitazama mbele tu, akadhani kwamba barabara inaishia kwenye bampa yake.

Hapa ndipo ninapoingiza taaluma yangu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mawakili wala si cha barabarani. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni kweli kuwa kutoijua sheria hakumwondolei mtu hatia. Hata hivyo, ni haki gani kumhukumu dereva wa trekta kwa kanuni ambayo hakuwahi kuambiwa kwa lugha anayoielewa?

Wako wanaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Ninawapinga. Neno kukokota tunalo tangu zamani, na ndilo lililotuzalia mkokoteni. Keria tunaijua, iwe ya baiskeli au ya basi. Trela imekwisha kuwa mwenyeji. Kile kiwango cha kilo zinazogandamiza tufe, ambacho Wajerumani wamekibunia neno moja refu, sisi twaweza kukiita uzito wa shingo, na fundi yeyote wa gereji ataelewa bila kamusi.

Basi natoa pendekezo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, kwa shule za udereva na kwa viwanda vyenye trela: kanuni za mzigo ziandikwe kwa Kiswahili, kwa sentensi fupi, zibandikwe mahali magari yanapopakiwa. Zaweza kuwa hivi. Usipakie kupita uzito ulioandikwa kwenye gari, kwenye tufe na kwenye trela. Weka vizito juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Funga mzigo kana kwamba utafunga breki ghafla. Kabla ya kuondoka, washa taa zote, kisha nenda usimame hatua ishirini nyuma utazame: usipoiona taa, usipoiona nambari, usiondoke. Mzigo ukijitokeza nyuma, uwekee kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku.

Hatua hizo ishirini hazihitaji fedha. Zinahitaji tu mtu akubali kusimama kwa dakika moja mahali atakaposimama mwenzake. Mwalimu wangu alitufunza kuwa katika Kiswahili nafsi ya kwanza ni mimi, ya pili ni wewe, na ya tatu ni yule asiyekuwapo. Barabarani, yule asiyekuwapo yuko nyuma yako, anakuja, na hajui umebeba nini.