Sura ya 5: Sanduku la Kufuli Tatu

Swali ninalokutana nalo kuliko yote, Kasongo mjini na huko Kabambare, ni hili: "Tukijiunga na mtandao wa kimataifa wa vyama, watatutumia nini?" Muulizaji huwa na faili kwapani: statuti zenye mhuri, majina ya waanzilishi, barua ya maombi ya Kifaransa safi. Nalijibu kwa urefu, maana jibu fupi halijawahi kumtosha mtu. Mtandao hauna mali yoyote ila ile iliyoletwa na wanachama wake. Nanyi mkishaingia, mmekuwa miongoni mwa wanaopaswa kuleta.

Sura hii niliipangia mambo manne: karatasi, michango, habari na namna ya kukua. Nianze na karatasi, kwani ndipo wengi wanapokwama.

Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia mashirika yasiyo ya faida nchini Kongo. Utambulisho kamili wa kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria kule Kinshasa, na shirika la kigeni hupitia njia yake peke yake, iliyo ndefu zaidi. Kwa hiyo mtandao wenye busara hauji kufungua tawi Kasongo. Unashirikiana na chama kilichokwisha kupata karatasi zake. Hayo yanatosha kuhusu sheria. Kinachonikera ni imani inayofuata. Cheti cha uanachama kimegeuzwa hirizi: kinawekwa kwenye fremu, kinatundikwa juu ya kiti cha prezida, kisha watu wanakaa kungoja kifanye kazi. Miaka inapita, mkutano mkuu hauitwi, na lawama zinapelekwa makao makuu ya mtandao.

Chanzo cha imani hiyo nakielewa. Kusini mwa jimbo letu la Maniema, tangu vita, watu wamezoea gari moja lenye stika nyingi, na ndani yake mfadhili na mtandao huketi pamoja. Lakini mfadhili anakuchagua yeye, mradi wake una tarehe ya mwisho, na huwezi kumpigia kura aondoke. Katika mtandao unalipa ada, unahudhuria, unachagua halmashauri na unaweza kuiangusha. Mwanakijiji akichanganya hayo mawili simlaumu. Kiongozi wa chama hana udhuru.

Maniema tuna ushahidi uliopimwa. Mradi wa Tuungane ulianza mwaka 2007 kwa fedha za Uingereza, ukiongozwa na shirika la misaada la IRC, na kwetu ukaendeshwa na shirika la CARE. Wanakijiji walichagua kamati za maendeleo kwa kura, wakapewa mafunzo na fedha za kujenga shule na vituo vya afya. Majengo mengi yalijengwa, na hilo halina ubishi. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakalinganisha vijiji vilivyokuwa ndani ya mradi na vilivyokuwa nje, wakatoa fedha nyingine kwa pande zote mbili ili waone zitasimamiwaje. Matokeo yalitoka mwaka 2012: hapakuonekana dalili ya maana kwamba namna ya watu kujiongoza na kuwajibishana ilikuwa imebadilika. Nawasihi viongozi wa mitandao wausome utafiti huo kabla ya kuandaa semina nyingine ya "kuimarisha uwezo". Msemo huo umetuchosha. Uwezo wa nani, wa kufanya nini, na atauonyesha lini?

Sasa tazama jambo lililoenea pasipo semina za hotelini. Mwaka 1991, Maradi, nchini Niger, wanawake walianza na CARE njia ya kuweka akiba ambayo leo inajulikana Afrika nzima, na ambayo huku kwetu tunaiita AVEC, yaani chama cha kijiji cha akiba na mikopo. Watu 15 hadi 25, pengine 30, wanakutana kila wiki. Bei ya hisa wanaipanga wenyewe, na kila mmoja ananunua hisa 1 hadi 5. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu wasio viongozi, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi popote ila mkutanoni.

Kaa kwenye mkutano mmoja uangalie mikono. Muuza mchele anatoa noti zake, wahesabuji wawili wanazihesabu kwa sauti, na kijitabu chake kinapigwa mhuri mmoja kwa kila hisa, ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri yake mwenyewe. Kabla ya kufunga, salio linatajwa na wote wanaombwa walikumbuke. Wiki ijayo, kabla ya pesa kuguswa, wanachama ndio wanaolitaja. Baada ya miezi 9 hadi 12 sanduku linamwagwa, kila kitu kinagawanywa kwa hisa, na kundi linaanza upya na wale wanaotaka kubaki.

Kundi likivunjika utasikia pesa zimelogwa, zimeliwa na majini. Hilo siwezi kulinyamazia. Uliza funguo zilikuwa kwa nani. Mara nyingi utaambiwa zote tatu zilikuwa nyumba moja, "kwa sababu mama yule ni mwaminifu". Kufuli tatu ziliwekwa ili uaminifu wa mama yule usiwe mzigo wake peke yake.

Maradi hakuna ofisi inayotoa amri Kasongo. Njia ilisafiri kwa sababu mwanamke wa kijiji cha pili aliona siku ya mgao, akarudi kuwaita wenzake. Nimekaa mno kwenye sanduku, najua, lakini karibu yote niliyokusudia kusema kuhusu michango yamo humo. Ada iwe ndogo kiasi kwamba chama cha Kabambare kitailipa bila kuomba msaada. Salio litajwe mbele ya wote. Na fedha za mtandao zisikae kwenye simu ya prezida: laini iandikishwe kwa jina la chama, na namba ya siri igawanywe, mmoja ajue tarakimu mbili za kwanza, mwingine mbili za mwisho. Kukua kutafuata, na hakuhitaji sehemu ya peke yake.

Imebaki habari, nayo ndiyo sababu hasa ya kuvuka mipaka. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, huko Salamabila, uliendeshwa na Banro, kampuni ya Kanada iliyokuwa kwenye soko la hisa la Toronto. Hesabu zake zilitangazwa kule, kwa Kiingereza. Mtu wa Salamabila alikuwa anaona barabara, maji na askari, lakini hesabu hakuziona; mtu wa Toronto aliona hesabu tu. Mtandao wa Publish What You Pay ("Tangaza Unacholipa"), ulioanza mwaka 2002, una wanachama pande zote mbili. Wa Kanada walipigania sheria iliyoanza kutumika mwaka 2015, inayolazimisha kampuni za madini kutangaza kile zinacholipa serikali. Na tangu mwaka 2018 Kanuni yetu ya Madini inaipa sekta au himaya ya chifu ulipo mgodi asilimia 15 ya mrabaha. Kwa kampuni ya Kanada, tarakimu ya kwanza, yaani kilicholipwa, inatafutwa Kanada. Ya pili, yaani kilichofika kweli, inapatikana Kabambare tu, na ataipata mtu anayeweza kuingia ofisi ya sekta akauliza bila kufukuzwa.

Mwanachama wa namna hiyo hapatikani kwa barua. Anapatikana akiwa tayari amezoea kuuliza salio kila wiki. Naye anadai haki moja: ripoti ikikamilika, iwe imeandikwa Kinshasa au Toronto, isomwe kwanza kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu wa Salamabila waliotoa habari zake, na wanaporekebisha tarakimu, irekebishwe kabla haijachapwa.