Wimbo wa taifa ulianzia kwenye mkeka wa Mpokomo



Juzi nilikuwa Nairobi kwa mazishi. Tulimzika jamaa yetu Jumapili katika makaburi ya Waislamu pale Kariokor, nikalala kwa ndugu ili nipande basi la Mombasa kesho yake. Asubuhi ya Jumatatu nikasikia watoto wa shule ya jirani wakiimba wimbo wa taifa, bendera ikipandishwa. Nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa akipanga vyondo vyake sokoni: "Wajua nani aliyeutunga huu?"

Akacheka. "Mzee, si ni wazungu walituachia?"

Sikumlaumu. Hata sisi tuliozaliwa Pwani, wengi hatujui kwamba sauti ile ilitoka kwetu, Tana River.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, serikali iliunda jopo la wataalamu watano wa muziki. Walikuwa Mwingereza Graham Hyslop, George Senoga-Zake aliyekuwa na asili ya Uganda, Peter Kibukosya, Washington Omondi, na mwana wa Pwani, Mchungaji Thomas Kalume, ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Malindi Kaskazini. Nchi nyingi zilizotoka ukoloni zilichukua nyimbo za mtindo wa Ulaya, zenye mwendo wa gwaride. Hawa watano waliamua kutafuta sauti ya nyumbani. Waliipata kwa Wapokomo, katika wimbo ambao mama humwimbia mtoto ili alale. Aliyewapa sauti hiyo anajulikana kwa jina: Mzee Meza Moroa Galana.

Jopo nalo lilifanya kazi yake. Wimbo wa kubembelezea mtoto huimbwa na mtu mmoja, polepole, mtoto akiwa mgongoni au kwenye mkeka. Wao waliupangia sauti za kwaya na za bendi, wakaupa maneno ya sala kwa Kiswahili na Kiingereza, beti tatu. Lakini hawakuuondolea asili yake. Ndiyo sababu wimbo wetu una unyenyekevu fulani, karibu na huzuni, wakati nyimbo za taifa nyingine nyingi zinapiga kelele za ushindi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ikapata uhuru wake na wimbo wake.

Sasa swali: mtunzi ni nani? Wapo wanaosema ni Mzee Galana. Wapo wanaosema wimbo ule ni wa jamii nzima, hivyo hakuna mtu wa kudai. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Sheria ya hakimiliki inamtafuta mtunzi anayejulikana, mwenye kazi iliyoandikwa au kurekodiwa, kisha inamlinda maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Wimbo wa bibi hauna karatasi. Umepita kinywa hadi kinywa, na kila aliyeupokea ameuongeza kidogo. Kwa macho ya sheria hiyo, mali isiyo na karatasi ni kama haina mwenyewe.

Bunge liliziba pengo hilo mwaka 2016, kwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua kwamba jamii inaweza kumiliki wimbo wake. Mzee Galana alikuwa ameshafariki, mwaka 2015. Na mwaka 2021 tukashangaa kusikia kampuni moja ya muziki ya Uingereza ikidai haki juu ya wimbo wetu wa taifa katika video ya intaneti. Yaani aliye mbali aliona cha kudai katika sauti ambayo jamii nyingine ilibembelezea watoto wake.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mzee huyu alicheza kwao, na taifa zima likacheza naye. Je, alitunzwa?

Nikiwa pale Kariokor nilikumbuka jina lenyewe limetoka wapi: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao hawana hata kaburi lenye jina. Kilichobaki ni jina la mtaa, nalo limepindishwa.

Tusimfanye Mzee Galana mpagazi mwingine. Sisemi zitafutwe fedha za kesi, maana mwenyewe ametangulia. Nasema Kaunti ya Tana River iipe shule au ukumbi jina lake. Nasema wazee wa Kipokomo waliobaki warekodiwe wakiimba, kabla sauti hazijazimika. Na kila mwalimu anayewapanga watoto mstarini Jumatatu awaambie kwa dakika moja tu sauti ile ilitoka wapi.

Yule kijana wa vyondo nilimweleza kabla sijaondoka. Akanyamaza kidogo, akaniuliza Wapokomo ni watu wa wapi. Nikamwonyesha Mto Tana kwenye simu yangu.