Amri Nyingi za Kwamkoro, na Ile Moja Anayoiomba Mwananchi

Barabara ya Kwamkoro, katika milima ya Usambara, inaanzia Muheza. Inapita Kisiwani, inafika geti la Sigi, kisha inaingia msituni na kupanda kona baada ya kona mpaka Amani. Ukishaipita Amani, chai inaanza. Miche imekatwa usawa wa kiuno, imefuata migongo ya vilima, na pale mstari wa mwisho wa chai unapokomea ndipo mti wa kwanza wa msitu uliposimama. Hakuna kichaka cha katikati. Mpaka mkali namna hiyo ni kazi ya amri, na Kwamkoro imepokea amri nyingi.

Wajerumani waliweka taasisi yao ya utafiti Amani mwaka 1902. Baadaye Kwamkoro ikawa msitu wa hifadhi. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 magogo yalivunwa humo kwa mashine, Finland ikisaidia. Katikati ya miaka ya 1980, baada ya kelele za wanasayansi, uvunaji ukasitishwa. (Finland hiyohiyo ikarudi na fedha za uhifadhi. Wafadhili nao hujifunza.) Mwaka 1997 misitu sita, Kwamkoro ikiwamo, ikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye hekta 8,380. Kisha zikaja bikoni za Derema, ambako wakulima wa iliki zaidi ya 1,000 walitakiwa kuacha mashamba ili misitu iungane. Fidia yao ilivuta miaka.

Mara zote hizo amri ilitoka ofisini ikashuka kijijini. Zuio la mahakama, yaani amri ya kumsimamisha mtu asiendelee na jambo, lina njia nyingine. Mwananchi ndiye anayekwenda kuliomba, na anayepelekewa karatasi yenye mhuri anaweza kuwa kampuni, benki, au kaka yake wa tumbo moja. Kwa watu wa Usambara hilo si dogo, maana wazee wao waliijua mahakama kwa sura tofauti kabisa.

Upande wa Lushoto, mradi wa kuhifadhi udongo wa bonde la Mlalo ulianza mwaka 1946, na miaka ya 1950 ukatandazwa Usambara. Chimba matuta, usichome majani, miteremko mikali iache. Wanaume wengi walikuwa kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo jembe la matuta likawaangukia wanawake. Asiyechimba alipigwa faini, na faini hiyo iliamriwa kwenye baraza la wenyeji, chini ya machifu walewale waliotumwa kuitangaza amri. Aliyeamuru ndiye aliyehukumu. Mradi ulikufa kabla ya Uhuru kwa sababu watu waliugomea; hakuna hakimu aliyeusimamisha, na sidhani kama kuna mkulima aliyewahi kuwaza kwenda kumwomba.

Leo anaweza. Zuio la muda limo kwenye Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, na vigezo vyake viliwekwa na Jaji Mkuu Telford Georges, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe mwaka 1969. Mawakili wanalitaja shauri hilo mpaka leo. Kwanza, pawe na hoja nzito ya kubishaniwa, yenye dalili za kushinda. Pili, bila zuio mwombaji apate hasara isiyofidika. Tatu, ionekane kwamba akinyimwa, ataumia zaidi yeye kuliko mwenzake atakayezuiwa. Vitatu vyote viwepo kwa pamoja.

Kinachowaangusha wengi ni hicho cha pili. Mtu anafika mbele ya hakimu na hati ya kiapo, anaeleza kwa uchungu kwamba shina lake la iliki limeng'olewa. Hakimu anauliza swali moja tu: lina bei? Iliki ina bei. Karafuu ina bei. Kilicho na bei kinalipika, na kinacholipika hakihitaji zuio, kinahitaji madai ya fidia. Kwa mkulima anayejua jinsi fidia inavyoweza kuchelewa, jibu hilo ni chungu, nami naliona lina upungufu: shina la iliki huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na watoto hawasubiri. Lakini ndivyo mahakama zinavyopima. Mwenye nafasi nzuri zaidi ni anayelinda kaburi la baba yake, chemchemi ya kitongoji, au nyumba anayolala. Na awahi. Zuio halisimamishi mti uliokwisha kuanguka.

Kuwahi ndiko kugumu. Chukua mfano wa ndugu watatu. Mmoja ameuza shamba la urithi kimyakimya, na mnunuzi amefika na msumeno wa moto. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Ni baada ya hapo ndipo shauri linapoweza kufunguliwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayetaka kuishtaki Serikali anasubiri zaidi: lazima atoe notisi ya siku 90. Tena Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inaikataza mahakama kutoa zuio dhidi ya Serikali. Itamke tu haki ni ya nani. Mawakili wamejipatia uchochoro, zuio la Mareva, lililopewa jina la kampuni ya meli iliyoshinda kesi Uingereza mwaka 1975. Kwa hilo Mahakama Kuu inaweza kuagiza mambo yabaki yalivyo wakati notisi ikihesabiwa. Ni mlango mwembamba, na hauna mteja asiye na wakili.

Hata hivyo wapo wananchi wa kawaida waliofika mbali. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa kuwarundikia taka na moshi, wakashinda. Jiji likawa linarudi kuomba kuongezewa muda, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akishangaa mamlaka ya umma kuthubutu kuomba mahakamani ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Aliegemea haki ya kuishi iliyomo kwenye Katiba. Malori ya taka yakahamia Kunduchi Mtongani, na wa Kunduchi nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilitoa zuio la kudumu dhidi ya mpango wa kupitisha barabara ya lami katikati ya Serengeti. Zuio dhidi ya Serikali, ambalo sheria ya nyumbani inalikataza, likapatikana kwenye mahakama ya jumuiya.

Anayefanikiwa kulipata asome tarehe kabla ya kitu kingine. Zuio la muda halizidi miezi sita. Likiongezwa, jumla yake haizidi mwaka. Nakala ikabidhiwe kwa aliyezuiwa, asaini, na kama anakimbia, mtendaji wa kijiji ashuhudie, maana anayeshtakiwa kwa kuvunja zuio hukimbilia kusema hakulijua. Akithibitika amelivunja, mali yake inaweza kukamatwa na yeye mwenyewe akawekwa gereza la madai hadi miezi sita. Lakini polisi hawatapanda mlima kuangalia kama msumeno umezimwa. Mwombaji ndiye anayeshuka tena na kiapo kingine, kwa nauli yake.