Sedani ya kifahari: anza na magurudumu, injini baadaye

Mtu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, anayetaka kununua Lexus LS 400 au Benzi ya E-Class iliyotumika huuliza kwanza habari za injini. Mimi injini hainitii wasiwasi. Ile V8 ya lita 4 ya LS 400, gari lililotoka mwaka 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Toyota Celsior, imeonyesha uwezo wake: huko Marekani gari moja la mwaka 1996 lilifikisha maili milioni moja, karibu kilomita 1,600,000. Lakini lile lilikuwa likikimbia kwenye lami. Kutoka Kasindi, mpakani na Uganda, hadi Beni ni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54, na kwa miaka mingi safari hiyo imekuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Uganda na Kongo zilizindua ujenzi wa barabara hizo Juni 2021, ila magari yanayouzwa leo mengi yameshapigika.

Kinachokufa kwanza ni ile starehe yenyewe. Baadhi ya Celsior, na baadhi ya E-Class za 2002 hadi 2009, hazikalii springi za chuma. Zinakalia mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Mpira ukizeeka hupata nyufa, vumbi na mawe yakaharakisha uchakavu huo, hewa ikaanza kuvuja kidogo kidogo. Kompresa nayo hujaza bila kupumzika mpaka inaungua. Dalili yake wenye magari haya wanaijua: asubuhi gari limeinama upande mmoja. Mafundi wengi huing'oa mifuko na kufunga springi za chuma, na naona wanafanya vyema, mradi springi hizo ziwe za uzito wa gari hilo. Ukifunga za gari jepesi, tumbo linagonga mawe, sampu inatoboka, oili inamwagika, na injini nzima iliyokuwa haina kosa inakwama ikiwa kavu.

Breki za E-Class za 2002 hadi 2006 zinataka tahadhari zaidi. Nyingi hukamata kwa nguvu ya pampu ya umeme inayoongozwa na kompyuta. Mwaka 2004 kiwanda kiliyaita magari yapatayo 680,000 yarudishwe kwa sababu ya mfumo huo. Pampu huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na hesabu ikitimia taa nyekundu inawaka. Kibaya zaidi, mfumo huamka wenyewe mlango ukifunguliwa, na kalipa hubana ghafla. Fundi anayebadilisha pedi bila kuuzima kwanza anaweza kupoteza vidole. Kama gereji unayoitegemea haina mashine ya kusoma Benzi, gari hilo liache.

LS 400 yenye springi za chuma ndiyo ningemshauri mtu wa milima ya Butembo. Ina udhaifu wake pia: pampu ya usukani imekaa juu ya altaneta, na ikivuja, mafuta huidondokea altaneta mpaka inakufa. Wengi hununua altaneta mpya, nayo inakufa vilevile baada ya muda. Kabla ya kulipa, ingiza mkono chini ya pampu hiyo. Ukitoka umelowa, dai gharama ya pampu na altaneta itolewe kwenye bei ya gari.